Gari la Kwaya na Watu wa Sauti ya Nne

Vijana wangu, mnapopita hapa gereji Sombetini na magari yenu mliyoyatoboa bomba la moshi, mnasimama, mnanipa shikamoo nzuri kabisa, halafu mnaniuliza, "Mzee Elisante, unaionaje hii chuma?" Naiona inapiga kelele. Kelele si mwendo. Mimi nimestaafu, gereji nimemwachia mwanangu, siku hizi nakalia kiti tu pembeni ya kompresa na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Basi na leo natoa.

Gari lenye mbio kuliko yote niliyowahi kuyashika lilikuwa na rangi ya maziwa ya mgando, mapazia ya maua kwenye vioo vya nyuma, na maandishi ubavuni ambayo jua lilishayafuta, likabaki neno KWAYA peke yake. Lilikuwa stesheni wagoni refu la zamani, lenye safu tatu za viti. Wenyewe walikuwa kwaya ya usharika mmoja kule Sekei, na walilitumia kubebea spika, kinanda na waimbaji ambao magoti yao hayataki kupanda kosta.

Siku nilipoliona mara ya kwanza lilikuja likisukumwa na vijana wa sauti ya tatu. Mbele yao anatembea Mama Eliakunda, mwalimu wa kwaya. Huyu mama alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu, nusu ya watu wa Sekei wamepita mikononi mwake, na mpaka leo anaongea na kila mtu kama yuko darasa la tatu.

"Fundi Elisante," akasema, "wiki iliyopita tumefika msibani tukakuta marehemu ameshazikwa na watu wanakula. Tumeimba wimbo wa kuaga huku wenzetu wananawa mikono. Nataka gari hili lisichelewe tena."

"Lisichelewe kiasi gani, Mwalimu?"

"Lisichelewe kabisa."

Hilo neno "kabisa" ndilo lililotuponza, kwa sababu Mzee Balbir alikuwepo.

Mzee Balbir ndiye aliyenifundisha kazi. Ni Singasinga, mzaliwa wa hapa hapa Arusha, fundi mtoto wa fundi. Wakati huo yeye alishaacha kazi zamani, lakini kila asubuhi anakuja gereji kwangu kunywa chai na kunikosoa. Mimi nina mvi kichwa kizima, yeye ananiita "kijana". Masikio yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo injini alikuwa anaisikiliza kwa meno. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anaung'ata, anafumba macho. Msicheke. Mlio unapanda kwenye chuma, unapita kwenye taya, unafika ndani kabisa. Kwa namna hiyo alikuwa anakwambia valvu ipi imelegea bila kufungua hata nati moja. Alipowekewa meno ya bandia tulidhani mambo yamekwisha. Siku ya kwanza alipojaribu, meno yalianza kucheza mdomoni kama kete za bao, wateja wakatoka nje. Baadaye akagundua kwamba akiyatoa na kuung'ata mpini kwa fizi, anasikia vizuri zaidi. Ndivyo ilivyokuwa: unamwona mzee anatoa meno, anayaweka kwenye kikombe cha chai, unajua gari lako linakwenda kupimwa.

Sasa, binti yake aliyeko Kanada alikuwa ameshamkatia tiketi akaishi nao huko. Hakutaka kulizungumzia. Ila Mama Eliakunda alipoondoka, mzee aliniambia, "Kijana, kule stoo nina injini."

Nilikuwa naijua. Silinda sita, imetoka kwenye gari dogo la saluni lililogongwa nyuma, mbele ikabaki nzima. Alikuwa ameifunga kwa shuka la kitandani miaka mingi, anaipaka oili kama mtu anayemlea mgonjwa. Alikuwa anangoja apate gari la kuifaa, na kila gari lililopita aliliona halifai.

"Ile ni ya kwako, mzee," nikamwambia.

"Siwezi kupanda nayo ndege," akajibu. Kisha akalitazama lile gari la kwaya, akapima kwa mikono yake urefu wa boneti. "Inaingia."

Kwa nini hatukumtengenezea Mwalimu kabureta na kumrudishia gari lake? Kwa sababu kulikuwa na Mzee Nnko, na kabureta peke yake isingemridhisha. Mzee Nnko ni mwenyekiti wa baraza la wazee pale usharikani, mzee mwenye mwili, mwimbaji wa sauti ya nne, ile nzito ya chini kabisa, mtu ambaye akishuka garini, gari linanyanyuka kiganja kizima. Yeye alishatangaza kwamba baraza likikaa, kama gari halijapita ukaguzi wa polisi na halina matairi ya maana, litauzwa kama chuma chakavu na kwaya itajua yenyewe itasafirije. Matairi yenyewe yalikuwa na upara. Mwalimu alisema habari hiyo kwa ukali wake wa kawaida, lakini nilimwona akilishika pazia la maua la kioo cha nyuma na kulinyoosha. Alikuwa amelishona mwenyewe.

Basi tukaanza. Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo mnapoharibu. Mnanunua nguvu kwanza. Mzee Balbir aliniamuru nianze na breki. Tukaweka diski mbele, tukabadilisha bomba zote za breki, ndipo akaniruhusu kuigusa injini. Radieta tukatoa kwenye lori dogo. Difu, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma, tukachukua ya pikapu iliyozoea mizigo. Shafti ikapelekwa kukerezwa ikawa fupi kidogo na kusawazishwa, maana shafti isiyosawazishwa gari likichanganya inakutikisa mpaka unasahau jina lako. Na kabureta: hewa ya huku kwetu mlimani ni nyepesi. Injini iliyorekebishwa Dar ukipanda nayo Oldonyo Sambu inatoa moshi mweusi, petroli inazidi hewa. Weka vijitundu vidogo zaidi vya petroli, gari litapumua.

Na kila kitu halali. Namba mpya ya injini ikaingizwa kwenye kadi. Mimi nilitaka tung'oe viti vya nyuma gari liwe jepesi, mzee akakataa. "Kadi inasema abiria saba. Litabeba saba. Mimi sitengenezi gari la kujificha." Mapazia nayo yakabaki, kwa amri ya Mwalimu.

Dereva wa kwaya alikuwa Lomayani, Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mfugaji, mwimbaji wa sauti ya nne naye, na mtu makini kuliko binadamu wote niliokutana nao. Lomayani hawashi gari kabla kila mtu hajafunga mkanda. Anaweka indiketa hata anapotoka kwenye uwanja wa nyumba yake, akiwa na ng'ombe tu wa kumwona. Siku ya kulijaribu tulipanda naye kuelekea Ngaramtoni. Kwenye kilima akataka kulipita lori, akaangalia kioo, akaweka indiketa, akakanyaga. Vijana wangu, mimi nilibaki nyuma. Yaani mwili ulikwenda, tumbo likabaki Sombetini. Tulilipita lori, na mbele ya lori kulikuwa na gari jekundu la chini, lile la kukwangua tumbo kwenye matuta, nalo tukalipita. Lomayani akarudi upande wake, akazima indiketa, akasema kwa upole, "Limepata nafuu."

Lile gari jekundu lilitufuata mpaka gereji. Akashuka kijana wa Njiro anaitwa Kelvin, mtoto mwenye adabu.

"Shikamoo wazee. Samahani, humo ndani mmebeba nini?"

"Kinanda," akasema Lomayani.

Kelvin ndiye aliyetuambia kuhusu mashindano. Kule mbele ya Oldonyo Sambu kuna shamba lenye uwanja wa zamani wa ndege za kunyunyizia dawa, na Jumamosi ile magari yangeshindanishwa mawili mawili, mstari ulionyooka, wa kwanza kufika ameshinda. Zile mnazoita drag. Kulikuwa na kundi la magari ya barabarani: gari lije kwa magurudumu yake, liwe na kila kinachotakiwa na sheria, na likimaliza likaguliwe tena kuonekana bado linafaa kurudi barabarani. Zawadi ya kundi hilo, matairi manne mapya.

Tulimpelekea Mama Eliakunda habari hiyo. "Kuna kamari?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi tutakwenda. Jumamosi tuna harusi huko huko, binti wa dada yake Lomayani anaolewa. Mbio asubuhi, harusi saa saba. Na msinicheleweshee harusi."

Tulipofika uwanjani, kundi letu lilikuwa na magari mengi, yote yamepakwa rangi za kutisha. Hakimu alikuwa Bi Shamim, mama wa familia moja ya wafanyabiashara pale mjini, mwenye filimbi shingoni na macho ambayo hayapokei maelezo. Akaanza ukaguzi. Gari la kwanza halina honi. La pili halina waipa. La tatu, dereva alipoombwa pembetatu ya tahadhari akauliza ni ya nini. Moja lilikuwa na kila kitu, ila kizima moto dereva alipokitoa kikawa ni chupa ya dawa ya mbu. Bi Shamim alipuliza filimbi akiwatoa mmoja mmoja mpaka wakabaki wawili: Kelvin, na sisi. Kwetu hata sanduku la huduma ya kwanza lilikuwepo, limevikwa kitambaa kilichoshonewa msalaba mwekundu kwa mkono.

Tukaruhusiwa, kabla ya mbio zenyewe, kujaribu mara mbili. Jaribio la kwanza, bendera ikashuka, Kelvin akatoweka. Lomayani akaangalia kioo cha kulia, akaangalia cha kushoto, akaweka indiketa, ndipo akaondoka.

Nikamfuata mwisho wa uwanja nikihema. "Lomayani, hapa hakuna wa kumwonyesha indiketa."

"Bi Shamim alikuwa anatazama," akasema.

Tukakubaliana aiweke indiketa mapema, kabla bendera haijashuka. Jaribio la pili, bendera ikashuka, akakanyaga, magurudumu ya nyuma yakazunguka pale pale yakilia, moshi ukatufunika wote, na tulipoacha kukohoa Kelvin alikuwa anageuza kurudi.

Hapo nilikata tamaa. Injini nzito mbele, mkia mtupu nyuma, matairi yana upara. Nguvu yote inaishia kwenye moshi. Mzee Balbir alikuwa amekaa kwenye debe, ametulia. Akaliangalia gari, kisha akaiangalia kosta ya wanakwaya iliyokuwa imeegeshwa pale pembeni, waimbaji wote wamevaa majoho yao ya zambarau, wanakula mahindi ya kuchoma.

"Kijana," akaniita. "Kadi inasema abiria wangapi?"

Mama Eliakunda ndiye aliyemaliza maneno. Alipiga makofi mawili kama yuko shuleni. "Sauti ya nne, ingieni garini. Wazito safu ya nyuma kabisa."

Tulimwendea Bi Shamim. Aliisoma sheria yake ya mashindano mbele na nyuma. "Hakuna panapokataza abiria," akasema, "ilimradi ana kiti na mkanda." Kelvin naye akaulizwa kama ana pingamizi. Alisema hana, ila angependa kupiga picha kwanza.

Mzee Nnko alikuwa wa mwisho kuingia, kwa sababu hakutaka. "Mimi ni mwenyekiti wa baraza," akasema.

"Ndiyo maana unakaa juu kabisa ya ekseli," Mwalimu akamjibu, na akamfungia mlango.

Nikapunguza upepo kidogo kwenye matairi ya nyuma ili yashike ardhi kwa upana. Gari lilikuwa limekaa chini nyuma, pua juu, kama mbwa anayengoja kutupiwa mfupa. Ndani, Lomayani akageuka akahakikisha mikanda yote, akaomba sala fupi, akaweka indiketa.

Bendera ikashuka. Safari hii hakukuwa na moshi. Gari liliinama nyuma, likauma ardhi, likaondoka. Nyie hamjawahi kusikia silinda sita zikipanda pamoja na wanaume sita wa sauti ya nne wanaosema "ooooo" kwa mshangao. Ilikuwa noti moja, wameishika wote, bila mtu kukosea. Mpaka katikati Kelvin alikuwa ubavuni. Kisha yale mapazia ya maua yakaanza kupepea nje ya madirisha, na gari jekundu likabaki nyuma ya neno KWAYA. Tulipita mstari kwa urefu wa boneti nzima.

Tulishangilia. Mwalimu alinishika mkono akautikisa. Mzee Balbir alikuwa amesimama amevua miwani anaifuta.

Tatizo ni kwamba gari halikusimama. Lilipunguza mwendo vizuri, breki zangu zilifanya kazi, lakini mwisho wa uwanja likaweka indiketa ya kushoto, likaingia njia ya ng'ombe na kupotelea kwenye vumbi.

"Wamekwenda wapi?" Bi Shamim akauliza.

Mama Eliakunda aliangalia saa yake. Akafumba macho. "Harusini," akasema.

Bi Shamim alieleza kwa utaratibu kwamba gari lisipokaguliwa baada ya mbio, ushindi haupo, na matairi yanakwenda kwa Kelvin. Tukaiacha kosta ikusanye waimbaji wake, sisi tukajibana kwenye pikapu ya waamuzi, Kelvin naye akaja, kwa sababu, alisema, hawezi kushinda hivyo. Tulifuata vumbi mpaka kwenye boma lenye turubai.

Kwanza tulisikia. Watu wa sauti ya nne walikuwa wamefika kabla ya kosta, wakakuta maharusi wameshakaa, mshereheshaji anawaomba waimbe, nao wasingeweza kukataa. Basi wakawa wanaimba. Sauti ya nne peke yake, bila ya kwanza, bila ya pili, bila ya tatu: bum, bum, bum, kimya kirefu wakingoja wanawake ambao hawapo, halafu bum. Mzee Nnko yuko katikati, joho limejaa vumbi, nywele zimesimama kwa nyuma kama bado anakimbia. Wageni walikuwa wametulia kwa heshima. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alininong'oneza kwamba ni mtindo mpya, na unamgusa sana.

Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya turubai la wapishi, hendibreki juu, jiwe mbele ya gurudumu na jiwe nyuma. Bi Shamim alilikagua pale pale, sahani ya pilau mkono mmoja. Honi, ikafanya kazi. Waipa, zikafanya kazi. Pembetatu, ipo. Alipofika kwenye indiketa ya kushoto hakuhitaji kuiwasha, ilikuwa bado inawaka. Akameza tonge, akapuliza filimbi, akasema, "Matairi ni ya kwaya."

Kelvin ndiye aliyekwenda kuyaleta.

Mkutano wa baraza sikuwepo, aliyenisimulia ni Mwalimu. Alisema ajenda ya gari ilipofika, mtu mmoja akasoma lile pendekezo la chuma chakavu, na wote wakamtazama mwenyekiti. Mzee Nnko akasema gari lina haja ya springi mpya nyuma, na kwamba yeye binafsi angependa kiti kile cha juu ya ekseli kiwekwe jina lake. Wakaendelea na ajenda ya mabati ya jikoni.

Lakini mimi ninachokikumbuka zaidi ni safari ya kurudi mjini siku ile ya harusi. Matairi mapya tulikuwa tumeshayafunga. Lomayani anaendesha, Mzee Balbir kakaa mbele, mimi nyuma na kinanda mapajani. Ilikuwa jioni, mawingu yameondoka, barabara inateremka imenyooka, hakuna gari mbele wala nyuma.

"Lomayani," mzee akasema, "ndege yangu ni Jumanne. Hapa hakuna mtu. Kanyaga kidogo nami nionje."

"Mzee, hapa kuna kibao cha hamsini."

Mzee akatazama nje. "Kibao kiko wapi?"

"Kilianguka mwaka jana," akasema Lomayani. "Lakini kilikuwepo."

Nikangoja mzee akasirike. Gari lenye mbio kuliko yote Arusha, injini aliyoilea miaka yote ile, na tunakwenda hamsini. Bodaboda iliyobeba majani ya ng'ombe ikatupita, dereva wake akitupungia. Kisha ikatupita nyingine, yenye kochi.

Mzee Balbir akashusha kioo, akaegemeza kiwiko dirishani. Upande wake wa kushoto Meru yote ilikuwa wazi, toka msituni hadi kileleni.

"Basi acha," akasema. "Twende hivi hivi. Nitauona mlima kwa muda mrefu zaidi."

Tukaenda hivyo hivyo mpaka mjini.